MAJI KWANZA, KITAMBAA BAADAYE
Jinsi ya kusafisha na kutunza miwani ya jua bila kuikwaruza



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa, mabwawa ya mchanga, mikopo na daftari za kikundi. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachoingia mfukoni: miwani ya jua. Huenda mwingine atasema, "Aa, hiyo ni mambo ya vijana wa mjini." Ngoja kwanza nikueleze kosa nililofanya mimi mwenyewe, halafu utaamua kama jambo hili ni dogo.

KOSA LANGU

Katika kikundi kimoja cha akina mama huku Ukambani kuna mama ambaye mtoto wake ana ualbino. Mtoto huyo alikuwa darasa la tano. Kama mnavyojua, mtoto mwenye ualbino hana rangi ya kutosha katika ngozi, na hata katika macho yake. Ile sehemu ya jicho yenye rangi, ambayo kwa wengine wetu huzuia mwanga usiingie kupita kiasi, kwake haizuii vizuri. Kwa hiyo jua la mchana linamuumiza, anafinya macho, anainama, na wakati mwingine haoni ubao hata akikaa dawati la mbele.

Akina mama walikubaliana kutumia zamu moja ya pesa za mzunguko kumpeleka mjini kwa daktari wa macho. Akapimwa, akapewa miwani ya jua iliyo mizuri. Siku waliporudi tulifurahi sana. Mimi nikasimama mbele ya kikundi na kumwambia yule mama, "Mama, miwani hii ni mali. Hakikisha unaisafisha kila asubuhi mpaka ing'ae."

Mama alinitii. Kila asubuhi alishika upindo wa leso yake, akahemea vioo, akasugua mpaka vikang'aa. Hakukosa hata siku moja.

Baada ya miezi mitatu mwalimu wa shule akaniambia kwamba mtoto havai miwani. Akifika shuleni anaitoa na kuificha kwenye mkoba. Nilikasirika. Nilienda nyumbani kwao mwezi wa Septemba, wakati wa vumbi jingi, nikamgombeza mbele ya mama yake. Nikamwambia pesa za akina mama si za kuchezea.

Mtoto hakujibu neno. Aliingia ndani, akaleta miwani, akanipa. "Mwalimu, hebu vaa wewe."

Nikavaa, nikageuka kuelekea mlangoni. Kumbe! Mbele yangu kulikuwa na ukungu mweupe. Jua lililokuwa likiingia mlangoni lilipasuka vipande vipande kama nyota. Hata uso wa mama yule, aliyekuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, sikuuona vizuri. Mtoto akasema, "Nikivaa, jua zinakuwa nyingi."

Niliona aibu. Mtoto hakuwa mkaidi. Mama hakuwa mzembe. Mimi ndiye niliyewaambia wasafishe kila siku bila kuwaonyesha namna ya kusafisha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza madaktari wa macho na mafundi wa miwani, na nimejifunza mambo ambayo nawaletea leo.

NI NINI KINACHOKWARUZA?

Watu wengi hufikiri kwamba kitambaa ndicho kinachokwaruza vioo. Kitambaa peke yake, kikiwa laini na safi, hakina nguvu hiyo. Kinachokwaruza ni vumbi lililo juu ya kioo, au lililojificha ndani ya kitambaa.

Chukua vumbi la barabara yetu ya murram ulifikiche kati ya vidole. Utasikia linakwaruza. Ndani yake mna chembe ndogo za mchanga, na mchanga wetu una mawe madogo sana yaitwayo kwatzi. Mwaka 1812 mtaalamu mmoja Mjerumani, Friedrich Mohs, alipanga mawe na madini kwa ugumu wake, kuanzia 1 mpaka 10. Lililo gumu hukwaruza lililo laini. Almasi ni 10. Kwatzi ni 7. Kioo cha dirisha ni kati ya 5 na 6. Ukucha wako ni kama 2 na nusu. Sasa fikiria: ikiwa kwatzi inakwaruza hata kioo cha dirisha, itafanya nini kwa plastiki?

Nasema plastiki kwa sababu, ijapokuwa tunasema "vioo vya miwani", miwani mingi ya siku hizi si kioo hata kidogo. Ni plastiki. Plastiki ni nyepesi na haivunjiki ovyo usoni, na hiyo ni faida kubwa, hasa kwa watoto na waendesha pikipiki. Lakini ni laini kuliko kioo. Wazee wachache bado wana miwani ya kioo hasa: utaijua kwa uzito wake na kwa ubaridi wake ukiigusa na shavu. Hiyo huvumilia mikwaruzo zaidi, lakini ikianguka sakafuni, kwaheri.

Miwani mizuri hupakwa juu tabaka la kuzuia mikwaruzo. Tabaka hilo husaidia, lakini ni jembamba mno kuliko unywele wa kichwa. Muuzaji akikuambia, "Hii haikwaruziki kabisa," mshukuru kwa maneno yake mazuri, halafu utunze miwani yako vilevile.

Unapohemea kioo chenye vumbi na kusugua, unachukua zile chembe ngumu na kuziburuta juu ya plastiki laini. Kila chembe inachimba mfereji mdogo. Mfereji mmoja huuoni. Lakini asubuhi 90 ni mifereji maelfu. Mwanga ukifika kwenye mifereji hiyo haupiti moja kwa moja. Unatawanyika huku na huku, na hapo ndipo unapoona ukungu na nyota. Ukiwa na jua mbele yako, mifereji yote inawaka pamoja. Ndiyo maana yule mtoto alisema jua linakuwa nyingi. Alikuwa anasema kweli tupu.

HILI LINATUHUSU SISI SOTE

Msifikiri ni mtoto huyo peke yake. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya, kwa hiyo huenda hata kijijini kwako yupo mmoja. Pia kuna wazee waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na kuambiwa wavae miwani myeusi wakitoka nje. Kuna vijana wetu wa boda boda ambao bila miwani hupigwa na vumbi na wadudu machoni. Kijana akiendesha jioni, jua likiwa linatua mbele yake na vioo vyake vimejaa mikwaruzo, anaweza asimwone mtoto anayevuka barabara.

Halafu kuna miwani ya kusomea. Vioo vyake navyo mara nyingi ni plastiki ileile, na hukwaruzika vilevile. Mweka hazina mmoja aliwahi kuandika 3 mahali pa 8, na kikundi kikakaa wiki mbili kikimtazama kwa jicho baya. Tulipofungua daftari pamoja mchana, tukiwa nje penye mwanga, tukaona kosa. Pesa zilikuwepo zote. Kilichokuwa kimeharibika ni miwani yake. Basi haya nitakayoeleza yafuatwe kwa miwani ya aina zote.

MAMBO YA KUACHA

1. Acha kusugua kioo kikavu kwa leso, shati, sketi au tai. Nguo uliyovaa tangu asubuhi imebeba vumbi la njiani, unga wa posho na mafuta ya mwili.

2. Acha kulamba vioo au kutema mate juu yake. Mate ni machache, hayawezi kuondoa mchanga, na si usafi.

3. Acha karatasi: karatasi ya choo, gazeti, kurasa za daftari. Karatasi inatokana na mti, na nyuzi zake ni ngumu kuliko unavyodhani. Gazeti ni zuri kwa kioo cha dirisha. Kwa plastiki, hapana.

4. Acha dawa ya meno. Wengi wamesikia ati dawa ya meno inaondoa mikwaruzo. Dawa ya meno ina unga wa kusugulia uchafu. Ukiipaka kwenye miwani utaondoa tabaka la juu na kuongeza mikwaruzo mingine midogo. Vilevile acha majivu, mchanga na stili wulu. Hivyo ni vya sufuria.

5. Acha petroli, thina, mafuta ya taa na dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Vijana wa gereji, hapa nawaambia nyinyi. Vitu hivi vinaweza kuipasua plastiki au kuifanya iwe na weupe usiotoka tena. Acha pia dawa ya kuua madoa ya nguo, dawa ya kusafishia madirisha, siki na limau, kwa sababu huharibu tabaka la juu.

6. Acha maji moto. Joto hufanya tabaka la juu lipasuke kama udongo wa bwawa lililokauka. Kwa sababu hiyohiyo usiache miwani juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, wala karibu na jiko, wala juu ya bati.

7. Acha sabuni ya unga. Chembe zake ambazo hazijayeyuka zinaweza kusugua kioo, tena nyingine ni kali.

NJIA ILIYO SAWA

Unahitaji vikombe viwili vya maji baridi au ya uvuguvugu mdogo, tone moja la sabuni ya maji, na kitambaa safi cha pamba. Ni hivyo tu. Hakuna dawa ya kununua.

Hatua ya kwanza: Nawa mikono yako vizuri kwa sabuni. Vidole vyenye udongo wa shamba ni sawa na kitambaa chenye mchanga.

Hatua ya pili: Shika miwani katikati, pale inapokaa juu ya pua, na uimwagie maji polepole, mbele na nyuma. Usiguse kioo bado. Acha maji yaondoe mchanga. Ule mkebe wa kunawia mikono wenye tundu chini, tuliofundishana kuutundika karibu na choo, unafaa sana kwa kazi hii. Usitumbukize miwani ndani ya besheni ambayo watu wamenawia, maana mchanga wao umekaa chini unakungoja.

Hatua ya tatu: Weka tone moja la sabuni ya maji kwenye ncha za vidole, ulilainishe kwa maji, kisha upitishe vidole juu ya vioo pande zote mbili, taratibu, kama unavyoosha uso wa mtoto mchanga. Osha pia sehemu ya puani na mikono ya miwani, mahali jasho linapokaa.

Hatua ya nne: Suuza kwa maji safi mpaka utelezi wote uishe.

Hatua ya tano: Kung'uta maji kidogo, kisha ukaushe kwa kitambaa. Gusisha kitambaa ili kinywe maji, usisugue kwa nguvu.

Hatua ya sita: Inua miwani kuelekea mwanga wa dirisha uangalie. Ukiona alama za mafuta, rudia sabuni. Usiongeze nguvu ya kusugua.

Maji yaliyotumika mwagia sukuma wiki. Hakuna kilichopotea.

Ukiwa safarini na huna maji, afadhali uvumilie vumbi mpaka ufike. Kama huoni kabisa, puliza vumbi litoke, kisha utumie maji kidogo ya kunywa kabla ya kugusa kioo kwa kitambaa. Ukisahau mengine yote, kumbuka neno hili: maji kwanza, kitambaa baadaye.

JUU YA SABUNI, MAJI NA KITAMBAA

Vikundi vingi hutengeneza sabuni ya maji ya kuuza. Sabuni hiyo yafaa ikiwa imekorogwa vizuri, imetulia na haichomi mikono. Ikichoma mikono, bado ina ukali ndani yake, na haifai miwani wala vyombo. Ichanganye kijiko kimoja cha chai kwa kikombe kimoja cha maji, kisha uitie katika chupa ndogo. Chupa hiyo itatosha nyumba moja kwa majuma mengi. Sabuni zenye mafuta ya kulainisha ngozi ziache, huacha ukungu juu ya vioo.

Maji ya visima vyetu mengi yana chumvi. Yakikauka juu ya kioo huacha madoa meupe, kama yale ya ndani ya birika. Ukisugua madoa hayo makavu, unakwaruza. Kwa hiyo suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua yaliyochujwa, au ukaushe mara moja kabla matone hayajakauka yenyewe.

Kitambaa kizuri ni fulana ya zamani ya pamba, iliyofuliwa mara nyingi mpaka ikalegea. Kata vipande viwili vya ukubwa wa kiganja na nusu. Kimoja kikitumika, kingine kinafuliwa. Kifue, kisuuze sana, kianike ndani ya nyumba mahali pasipo vumbi. Kikikauka kiweke kwenye mfuko safi, peke yake. Kile kitambaa laini kinachotolewa pamoja na miwani pia ni kizuri, lakini nacho kinataka kufuliwa. Kitambaa laini chenye mchanga si laini tena. Na kisiwe kitambaa cha kufutia uso wa watoto, maana magonjwa ya macho huhama kwa vitambaa.

KUTUNZA SIKU KWA SIKU

Vaa na uvue kwa mikono miwili. Ukivua kwa mkono mmoja kila siku, upande mmoja unalegea, miwani inaanguka, na inaanguka kwa vioo.

Ukiiweka mezani, vioo vitazame juu. Usiiweke mfukoni pamoja na funguo, sarafu au kisu cha miraa. Usiiweke juu ya kichwa kama taji: itabeba mafuta ya nywele, na ukiinama kuokota jembe itakutangulia chini.

Wale wanaopaka mafuta ya kuzuia jua, hasa ndugu zetu wenye ualbino, wapake kwanza, wanawe mikono, kisha ndipo wavae miwani. Mafuta yakishika kioo, vumbi nalo linashika mafuta. Mtoto avae na kofia yenye ukingo mpana, maana jua la juu hupita kando ya miwani.

Mara moja kwa mwezi angalia skrubu ndogo za pembeni. Zikilegea, zikaze kwa bisibisi ndogo kabla kioo hakijatoka.

Miwani isiyovaliwa ikae kwenye kikasha au mfuko wake. Hapa vikundi vya ushonaji mna kazi nyepesi. Kata kitambaa cha nje cha sentimita 24 kwa 20, na kingine laini cha ndani cha kipimo hichohicho. Viunganishe, vikunje katikati ili vipate sentimita 12 kwa 20, shona chini na ubavuni, na juu utie kamba au kifungo. Baada ya mishono utapata mfuko unaotosha miwani mingi. Ukitia kipande cha katoni kati ya vitambaa viwili, mfuko utakuwa mgumu kidogo, miwani haitabanwa. Acha nafasi ya kuitoa katoni wakati wa kufua. Mabaki ya vitambaa mnayotupa kila wiki yanatosha mifuko kadhaa, na wanunuzi wapo sokoni.

JE, MIKWARUZO INAWEZA KUONDOLEWA?

Jibu ni hapana. Mfereji ukishachimbwa, haufukiwi. Anayekuambia atauondoa kwa kusugua, ataupunguza mmoja kwa kuchimba mingine mia. Kuna wakati fundi wa miwani anaweza kubadilisha vioo peke yake na kuacha fremu ileile. Muulize kabla ya kununua mpya, huenda ukaokoa pesa.

Utajuaje kwamba wakati umefika? Osha miwani kwa njia tuliyoeleza. Isimamishe mbele yako kwa urefu wa mkono, utazame kupitia kioo ukingo wa mlango au dirisha. Usilitazame jua lenyewe. Ukiona ukungu ambao hautoki kwa sabuni, au ukingo hauonekani vizuri, vioo hivyo vimechoka.

Jambo jingine, msije mkadanganyika. Weusi wa kioo si kinga. Jua lina miale isiyoonekana iitwayo urujuanimno, nayo ndiyo inayodhuru macho polepole. Kioo cheusi kisichozuia miale hiyo kinaweza kudhuru zaidi, kwa sababu gizani mboni ya jicho hufunguka na kuingiza mingi. Tafuta miwani yenye alama ya UV 400. Na kwa kuwa mtu yeyote anaweza kubandika karatasi yenye maandishi hayo, mtoto mwenye ualbino au mgonjwa wa macho apate miwani yake kwa daktari wa macho. Tena miwani ya jua si ya kuchomelea vyuma, wala si ya kutazama jua likipatwa.

JARIBIO LA KUFANYA KIKUNDINI

Maneno huenda na upepo, lakini jicho likiona halisahau. Katika mkutano wenu ujao, kateni vipande viwili vya chupa ya maji ya plastiki inayoonyesha ndani. Nyunyizeni vumbi la barabara juu ya vyote viwili. Cha kwanza, mmoja wenu akisugue kwa leso kavu mara kumi. Cha pili, mwingine akimwagie maji mpaka vumbi liondoke, akioshe kwa vidole na sabuni, akisuuze, akikaushe kwa kugusisha. Inueni vyote viwili kuelekea dirishani. Pitisheni kwa kila mtu, hasa wazee na watoto.

Nilifanya jaribio hili katika kikundi cha yule mama. Aliposhika kipande cha kwanza alikaa nacho kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akasema, "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikimfungia mtoto macho." Nikamwambia, mbele ya wote, kwamba kosa lilikuwa langu, maana nilitoa amri bila mafundisho. Nikamwomba msamaha mtoto pia. Alicheka tu, akakimbia kucheza kivulini.

Tulingoja miezi miwili kabla ya kupata miwani mingine, na katika miezi hiyo mtoto alikwenda shule akiwa na kofia peke yake na alirudi nyumbani kila siku kichwa kikimuuma. Hilo nalikumbuka kila ninaposikia mtu akisema haya ni mambo madogo. Sasa ana kichupa chake cha sabuni na vitambaa viwili, na anaosha miwani yake mwenyewe kwenye mkebe wa shule. Miwani ya zamani alinipa mimi. Natembea nayo mkobani, na kila kikundi ninachotembelea nawaambia waivae kwanza, ndipo tunaanza kuzungumza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, ni nani wanaovaa miwani ya jua au ya kusomea? Je, tumewahi kuwauliza kama wanaona vizuri?

2. Kuna mtoto au mzee anayekataa kuvaa miwani yake? Tumemgombeza, au tumejaribu kuivaa sisi wenyewe tukaona anachokiona?

3. Ni mambo gani mengine ambayo tumewaambia watu "fanyeni" bila kuwaonyesha namna ya kufanya?

4. Tunaweza kuweka wapi mkebe wa maji na sabuni, shuleni, kituo cha boda boda, na mahali petu pa mkutano, ili kila mwenye miwani aoshe bila shida?

5. Nani atafundisha wengine, na lini? Andikeni jina na tarehe katika kumbukumbu za mkutano.